Mbwa Pasipo Kamba

Urafiki wa binadamu na mbwa ni wa kale kuliko urafiki wake na ng'ombe, mbuzi au farasi. Walakini katika urafiki huo limo swali moja ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha watu wote: mbwa awezaje kuwa mbali na mkono wa bwana wake na bado akawa chini ya amri yake? Mbwa aliyefungwa kamba hana hatari kubwa, lakini faida yake nayo ni ndogo. Hawezi kukusanya kondoo mlimani, hawezi kufuata nyayo za mnyama msituni, wala hawezi kukimbia kama maumbile yake yatakavyo. Mbwa aliyefunguliwa aweza hayo yote. Lakini aweza vile vile kuua kondoo wa jirani, kupotea, au kugongwa na gari barabarani. Kati ya kamba na hatari ndipo ilipozaliwa kola ya umeme, katika nusu ya pili ya karne ya 20. Historia yake ni fupi, lakini fundisho lake ni refu, kwa kuwa lahusu maumivu, elimu na uhuru, mambo matatu ambayo si ya mbwa peke yake.

Si kweli kwamba kabla ya kola hiyo hapakuwa na mbwa walioishi pasipo kamba. Wachungaji wa Scotland, Wales na kaskazini ya Uingereza walikuwa na mbwa waliofanya kazi mbali sana na bwana zao, wakiongozwa kwa sauti na mluzi tu. Mwaka 1873, katika mji wa Bala huko Wales, yalifanywa mashindano ya mbwa wachungaji ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika Uingereza. Mshindi alikuwa Mskochi aliyekuwa akikaa Wales, James Thomson, pamoja na mbwa wake aliyeitwa Tweed. Siri ya mbwa kama Tweed haikuwa woga. Mbwa wa namna hiyo huzaliwa na tamaa ya kuwinda iliyopunguzwa makali na uzazi wa kuchaguliwa: hunyemelea, hukodoa macho, huzunguka kundi, lakini hauui. Kazi yenyewe ndiyo ujira wake, na mluzi wa mchungaji ndio ufunguo wa ujira huo. Atiiye hupewa kondoo wa kuchunga. Asiyetii huitwa arudi, akanyimwa kazi aipendayo.

Mbwa wengine hawakuzaliwa hivyo, na waalimu wao walitumia njia nyingine. Mwaka 1910 Mjerumani Konrad Most, aliyekuwa mfunzi wa mbwa wa polisi, alitoa kitabu juu ya mafunzo ya mbwa ambacho kilisomwa kwa miaka mingi baadaye. Most alikataa mawazo ya watu waliodhani kuwa mbwa huelewa mema na mabaya kama binadamu. Alifundisha kuwa mbwa huongozwa na matokeo ya tendo lake: lililomletea raha hulirudia, na lililomletea maumivu huliacha. Alitumia malipo, lakini alitumia pia mkazo mkali wa kamba na fimbo. Huko Urusi Ivan Pavlov alikwisha onyesha jinsi mbwa atokwavyo na mate kwa ishara itanguliayo chakula. Na huko Marekani Edward Thorndike, kwa majaribio ya paka aliyoyachapisha mwaka 1898, alikwisha eleza jinsi mnyama ajifunzavyo kwa matokeo ya vitendo vyake. Waswahili, ambao hawakuhitaji maabara kulijua jambo hili, husema kuwa mkono mtupu haulambwi. Lakini mkono, uwe mtupu au umejaa, una mwisho wa urefu wake, na hata fimbo ina mwisho. Mbwa akiisha kufika mita 200 akimfukuza sungura, mkono haumpati, wala hautamaniki.

Upungufu huo ndio uliowasukuma mafundi wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kutengeneza kola ya umeme kwa ajili ya mbwa wa kuwindia. Uundaji wake si mgumu kuelewa. Mtu hushika chombo kidogo chenye kifungo. Akikibonyeza, mawimbi ya redio husafiri hadi kwenye kola iliyofungwa shingoni mwa mbwa, na humo betri hupeleka umeme katika ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi. Kola za mwanzo zilikuwa kali, na nguvu yake haikubadilishwa kwa wepesi. Za siku hizi zina vipimo vingi, toka mguso mdogo hadi maumivu makali, na baadhi yake hufika zaidi ya kilomita moja. Mwaka 1973 Mmarekani Richard Peck alipata hataza ya uzio usioonekana: waya huzikwa ardhini, na kola humpa mbwa ishara na kisha mshtuko akiukaribia mpaka. Hivyo mkono wa binadamu ukarefuka kupita kamba zote zilizopata kusokotwa, na wauzaji wakaliita jambo hilo uhuru.

Ajabu ya historia ni kwamba katika miaka ile ile ya kuzaliwa kola, mbwa wengine waliokuwa wakipigwa na umeme maabarani walikuwa wakifunua jambo ambalo wauzaji wa kola hawakulitazamia. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier walitoa habari za jaribio lao. Mbwa wa kundi la kwanza walipigwa na umeme, lakini waliweza kuuzima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi la pili walipigwa na umeme ule ule, kwa muda ule ule, ila hakuna walilofanya lililoweza kuuzima. Kundi la tatu halikupigwa. Baadaye wote walitiwa katika sanduku lenye kizuizi kifupi katikati, ambapo kuruka upande wa pili kulitosha kuokoka. Mbwa wa kundi la kwanza na la tatu waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini, wakalia kwa sauti ndogo, wakayapokea maumivu ambayo hatua moja ingaliyamaliza. Umeme ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilikuwa na neno katika mambo yake na jingine halikuwa nalo.

Mwaka uliofuata watafiti hao walijaribu kuwaponya mbwa waliokata tamaa. Vyakula havikuwavuta, wala kuondolewa kwa kizuizi hakukutosha. Kilichowaponya ni kamba. Waliwafunga kamba ndefu, wakawavuta kwa nguvu kutoka upande wa maumivu hadi upande wa salama, mara nyingi, hata mbwa wakaanza kwenda wenyewe. Basi kitu ambacho watu wote hukihesabu kuwa kinyume cha uhuru ndicho kilichowarudishia mbwa hao uhuru, kwa sababu kiliwaonyesha kuwa mwendo wao wenyewe una matokeo. Mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya uchunguzi wa ubongo wa panya, Maier na Seligman waliisahihisha nadharia yao wenyewe. Walisema kuwa unyonge haufunzwi. Unyonge ndio hali ya asili ya kiumbe aliyezidiwa na mateso ya muda mrefu, na kinachofunzwa ni kujua kuwa ana uwezo juu ya mambo.

Kwa kipimo hicho kola yaweza kupimwa kwa haki. Haitoshi kuuliza kama inaumiza, maana maumivu hutofautiana kwa kipimo na kwa ngozi. Yafaa kuuliza pia: je, mbwa ajua ni tendo gani lake liletalo maumivu, na ni tendo gani liyaepushalo? Na anayahusisha maumivu na nini?

Mwaka 2004 Matthijs Schilder na Joanne van der Borg, wa Uholanzi, walitoa uchunguzi wao juu ya mbwa wa ulinzi waliofunzwa kwa kola. Mbwa hao walionyesha dalili za hofu kuliko wenzao wasiopigwa, si katika uwanja wa mafunzo tu, bali hata walipotembezwa bustanini bila mshtuko wowote. Watafiti waliona kuwa mbwa wamejifunza jambo ambalo hakuna aliyekusudia kuwafunza: kwamba bwana wao na amri zake ni dalili ya maumivu yajayo.

Mwaka 2007 Esther Schalke na wenzake, wa Hannover katika Ujerumani, walieleza jaribio lililolichambua jambo hili kwa ufundi zaidi. Mbwa 14 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipigwa na umeme pale tu lilipogusa sungura wa bandia lililokuwa likimfukuza. La pili lilipigwa lilipoitwa lirudi likakataa. La tatu lilipigwa bila sababu iliyoweza kujulikana na mbwa. Ilipopimwa kortisoli, homoni ya dhiki, katika mate yao, mbwa waliopigwa kwa kugusa sungura hawakuonyesha ongezeko kubwa. Waliopigwa bila sababu walikuwa na dhiki kuu, na waliopigwa kwa kutoitikia wito waliwafuata. Matokeo haya yastahili kufikiriwa kwa utulivu. Maumivu yaliyofungwa na kitu kimoja dhahiri yalieleweka kama mwiba ueleweka. Maumivu yaliyofungwa na neno la binadamu hayakueleweka vile vile, maana neno lenyewe, ambalo lilipaswa kuwa njia ya kurudi nyumbani, liligeuka kuwa mlango wa hofu.

Tofauti hiyo si ya maabara tu. Katika New Zealand yuko ndege aitwaye kiwi, asiyeruka, ambaye kifua chake ni dhaifu hata mbwa aweza kumwua kwa kumbana kidogo tu mdomoni. Mwaka 1987, katika msitu wa Waitangi, mbwa mmoja aliyepotea aliua ndege 13 waliokuwa wamefungwa vyombo vya redio, na ikakisiwa kuwa kwa majuma machache aliangamiza kiwi wapatao 500 katika jamii ya 900. Katika nchi hiyo mbwa wa wawindaji na wa wakulima hufunzwa kwa kola kumwogopa kiwi: mbwa huletwa karibu na ndege mfu au manyoya yake, naye akinusa hupata mshtuko, kisha hujaribiwa tena baada ya muda. Mafunzo hayo hayamfanyi mbwa kuwa salama kabisa, wala wahifadhi hawadai hivyo. Lakini hapa maumivu yana harufu moja, ni machache, na mbwa ayaepuka kwa kupita njia nyingine. Uhuru wake wabaki, na kiwi naye apata kuishi.

Penye haja ya utii tu, hesabu ni nyingine. Mwaka 2014 Jonathan Cooper na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Lincoln, walitoa matokeo ya jaribio la mbwa 63 wenye tabia kama kutoitikia wito na kufukuza mifugo. Waliofunzwa kwa kola hawakuwashinda waliofunzwa kwa malipo, ilhali walionyesha dalili zaidi za dhiki. Haki yataka kutaja pia jaribio dogo la mwaka 2024 lililofanywa na Anamarie Johnson na Clive Wynne, wa Arizona, kwa mbwa 19. Humo mbwa wa kola waliacha upesi kufukuza chambo kilichokuwa kikikimbizwa, na waliofunzwa kwa chakula hawakuacha katika siku zile chache. Wengine wamejibu kuwa siku hizo hazitoshi kwa mafunzo ya malipo. Lakini hata matokeo hayo yaafikiana na ya Hannover: palikuwa na kitu kimoja cha kufukuzwa, na mshtuko ulifungwa nacho.

Sheria hazikungoja wataalamu wamalize kubishana. Mwaka 2006 mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani iliamua kuwa matumizi ya kola hizo yamekatazwa na sheria ya kulinda wanyama. Mwaka 2010 Wales ilipiga marufuku, na watengenezaji waliokwenda mahakamani kuipinga walishindwa. Katika England serikali ilitangaza nia hiyo mwaka 2018, na Baraza la Malodi likazikubali kanuni mwaka 2023, lakini hazikupigiwa kura katika baraza la pili kabla ya uchaguzi wa mwaka 2024. Wapingaji wa marufuku wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Nchi hizo zina kondoo wengi. Sheria ya mwaka 1953 humtia hatiani mwenye mbwa asumbuaye mifugo, na ile ya mwaka 1971 humpa mfugaji kinga, kwa masharti, akimwua mbwa huyo. Wauliza: mshtuko mmoja na risasi moja, lipi lenye huruma? Jibu la wapendao marufuku ni kuwa sheria haiwezi kusimama kando ya kila kidole kilicho juu ya kifungo. Kifungo kimoja hubonyezwa na fundi mtulivu, kingine na mtu mwenye hasira. Na mbwa, aliye mita 200 mbali, hawezi kuiona tofauti isipokuwa katika shingo yake.

Wales, iliyokuwa nchi ya mashindano ya Bala, ndiyo iliyotangulia nchi nyingine za Uingereza kuikataza kola. Huenda ni bahati tu, lakini bahati hiyo ina maana. Tweed alikwenda mbali kwa sababu alijua kuwa mluzi una jambo jema ndani yake. Mbwa wa New Zealand ajua kuwa harufu moja ina ubaya, na dunia yote iliyobaki ni yake. Wote wawili wana uhuru, kwa kuwa kila mmoja ajua tendo lake litazaa nini. Asiye na uhuru ni yule akimbiaye pasipo kamba huku akisikiliza, katika kila hatua, kama bwana wake amekasirika.