Ufugaji: malisho ni yale yale, kwa nini ndama hawakui sawa?

Katika Masisi, Djugu ao Irumu, mufugaji anaweza kuona ndama wawili waliozaliwa juma moja, wanaokula majani ya kilima kimoja. Kisha mwaka na nusu, mumoja iko na mwili, mwengine angali mudogo. Wengi wanasema ni bahati. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko katika damu ya baba na mama, ni kusema jeni.

Jeni inafanya nini?

Jeni ni sawa maagizo ya kujenga mwili. Ndama anapokea nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kati ya ng'ombe wanaotunzwa namna moja, wataalamu wanahesabu kwamba karibu 30 hadi 40 kwa mia ya tofauti ya uzito inatokana na jeni. Ingine inatokana na majani, maziwa ya mama, kupe na magonjwa.

Mufano wa Ubelgiji

Ubelgiji iko na ng'ombe wa nyama anayeitwa Blanc-Bleu Belge, mwenye misuli minene sana. Mwaka 1997, watafiti, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Liège, walitambua sababu: jeni ya miostatini. Kazi yake ni sawa breki, inazuia misuli isipite kiasi. Kwa ng'ombe huyu, herufi 11 za jeni hiyo zimekosekana, basi breki haishike. Anatoa misuli karibu 20 kwa mia zaidi, na nyama yake ni laini, yenye mafuta kidogo.

Lakini mama ndiye anayelipa. Ndama ni munene, njia ni ndogo, na kule Ubelgiji wengi wanazaliwa kwa kupasua tumbo la mama. Kwenye kilima ambako muganga wa nyama anafika kisha siku nzima ya kutembea, ndume wa namna hiyo anaweza kukupotezea ng'ombe pamoja na ndama.

Nyama laini, nyama ngumu

Mara nyingi si jeni moja tu, ni nyingi, na kila moja inaongeza kidogo. Kisha kuchinja, protini inayoitwa kalpaini inakatakata nyuzi za nyama na kuilainisha. Ingine, kalpastatini, inaizuia. Zebu, ng'ombe wa nundu, wako na kalpastatini nyingi. Ndiyo moja ya sababu nyama yao inakuwa mara nyingi ngumu kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Lakini zebu hao hao wanavumilia jua na kupe. Ankole wetu, mwenye pembe ndefu, ametokana na zebu waliochanganyika na ng'ombe wa zamani wa Afrika. Ukimuchanganya na damu ya Ulaya unaweza kupata uzito, na kupoteza sehemu ya uvumilivu huo.

Makosa mawili yanayorudisha kundi nyuma

La kwanza ni kuuza ndume anayekua haraka, kwa sababu ndiye anayeleta bei nzuri machinjioni, na kubakiza mudogo. Huyo mudogo ndiye anayepanda majike yote. Mwaka kwa mwaka, kundi linapoteza jeni za ukuaji.

La pili ni kukaa na ndume mumoja muda murefu. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ng'ombe wengi Masisi, na mutu anayeanza upya na vichwa vichache hana ndume wa pili. Basi ndume anapanda binti zake. Ndama anaweza kupokea jeni mbaya ile ile pande zote mbili: anakua pole pole, anakuwa zaifu, wengine wanakufa mapema.

Mufugaji afanye nini?

- Aandike tarehe ya kuzaliwa ya kila ndama, mama yake na baba yake.
- Apime kifua cha ndama kwa kamba, wakiwa na umri sawa, na aweke pembeni ndume aliyekua vizuri kuliko wote.
- Abadilishane ndume na mufugaji wa mbali mbele binti za ndume huyo hawajafika umri wa kupandwa. Ndume mugeni apimwe kwanza na muganga wa nyama, kwa sababu anaweza kuleta ugonjwa wa kutoa mimba.