Mbolea ya mwani

Mbolea ya mwani ni mbolea ya asili inayotokana na mwani wa baharini. Mwani hutumika ukiwa mbichi, ukiwa umeoza, ukiwa umekaushwa na kusagwa, au kama utomvu unaochanganywa na maji. Kwa mazao ya nafaka kama shayiri, ngano, mpunga na mahindi, kuna matumizi mawili yaliyo tofauti sana. La kwanza ni kufukia mwani mwingi shambani ili kulisha udongo. La pili ni kunyunyizia majani utomvu kidogo ili kuuchochea mmea ukue. La kwanza ni la kale. La pili lilienea katika karne ya 20.

Virutubisho

Mwani hufyonza madini moja kwa moja kutoka maji ya bahari. Una potasiamu nyingi, nitrojeni ya kiasi kinachokaribia samadi, na fosforasi kidogo. Kwa sababu hiyo nafaka inayopewa mwani pekee huweza kupungukiwa na fosforasi, ambayo huhitajika kwa mizizi na kwa kujaza punje. Mwani wa kahawia una pia alginati, aina ya ute unaosaidia udongo wa mchanga kushikamana na kutunza maji. Tofauti na samadi, mwani hauleti mbegu za magugu shambani.

Sehemu kubwa ya uzito wa mwani mbichi ni maji, mara nyingi robo tatu au zaidi. Kuusafirisha mbali na pwani ni gharama, na ndiyo maana mbolea hii ilibaki kuwa ya wakulima wa ufukweni.

Historia

Mfano unaojulikana vizuri ni wa visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Uskoti. Huko mashamba ya pwani yako juu ya mchanga wa makombe ya baharini, ambao una chokaa nyingi, hauna rutuba na hupeperushwa na upepo. Dhoruba za majira ya baridi hutupa mwani ufukweni. Wakulima huukusanya, huuacha uoze kiasi, kisha huutandaza na kuulima kabla ya kupanda shayiri, rai na oti ndogo. Bila mwani au samadi mchanga huo hauzai kwa miaka mingi mfululizo. Kilimo hicho bado kipo katika visiwa vya Uist, ingawa kimepungua.

Katika karne ya 18 mwani huo ulipata mshindani. Majivu yake yalitoa magadi yaliyohitajika viwandani kwa kutengeneza kioo na sabuni, na wenye ardhi wakawataka wapangaji wao wauchome badala ya kuupeleka shambani. Baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, malighafi za bei nafuu kutoka nje zilirudi sokoni na bei ya majivu ikaporomoka. Wapangaji wengi walibaki na vipande vidogo vya ardhi visivyoweza kuwalisha, na wengi waliondolewa au walihama.

Utomvu wa mwani

Kukamua utomvu kulitatua tatizo la uzito. Nchini Uingereza, Reginald Milton alibuni njia ya kugeuza mwani kuwa kimiminika miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Leo aina zinazotumika sana ni *Ascophyllum nodosum* ya Atlantiki ya kaskazini na *Ecklonia maxima* ya Afrika Kusini.

Kuuita utomvu huu mbolea kunaweza kupotosha. Tani moja ya punje za mahindi hubeba takriban kilo 15 za nitrojeni. Lita chache za utomvu kwa hekta huleta sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Kazi yake hutokana zaidi na homoni za mimea, kama sitokinini na auksini, pamoja na viambata vingine vinavyochochea mizizi na kuusaidia mmea kustahimili ukame. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inaviweka vichocheo vya aina hii katika kundi lake, mbali na mbolea zinazopimwa kwa virutubisho vyake.

Nchini Uhindi, utomvu wa mwani mwekundu *Kappaphycus alvarezii* umejaribiwa kwenye ngano, mpunga na mahindi, na majaribio kadhaa yalionyesha ongezeko la mavuno. Kwa kawaida, hata hivyo, utomvu uliongezwa juu ya mbolea za kawaida; haukuchukua nafasi yake. Mkulima anayeacha samadi au mbolea ya chumvichumvi kwa kutegemea utomvu pekee anaweza kupata hasara.

Matumizi katika nchi za joto

Shayiri huvumilia chumvi kuliko nafaka nyingi, na mvua nyingi za Hebrides huosha chumvi ya mwani. Mpunga na mahindi huathirika mapema zaidi. Katika maeneo ya ukame chumvi hubaki kwenye udongo, hivyo ni salama zaidi kuusuuza mwani kwa maji baridi au kuuacha kwenye mvua, kisha kuuozesha pamoja na majani makavu na samadi. Mwani wa kahawia hukusanya pia aseniki, kwa hiyo bidhaa zake zinahitaji kupimwa.

Zanzibar kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Aina zinazopandwa ni *Eucheuma denticulatum* na *Kappaphycus alvarezii*, ile ile inayokamuliwa Uhindi. Mwani mwingi huanikwa juani na kuuzwa nje ukiwa mkavu kwa ajili ya karageni, inayotumika kugandisha vyakula. Katika njia ya Uhindi mwani hukamuliwa ukiwa mbichi, na makapi yake bado hutoa karageni. Ukishakaushwa, utomvu hauwezi tena kukamuliwa. *Kappaphycus*, yenye bei nzuri kuliko mwenzake, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto.