Mfumo Endeshi: Unaendesha Nini?

Kwa mafundi wengi wa kompyuta Tanzania, kazi ya kuweka mfumo endeshi kwenye kompyuta ina jina fupi: kupiga Windows. Mteja analeta kompyuta mpakato iliyogoma kuwaka, fundi anaipiga Windows upya, mambo yanaendelea. Jina la bidhaa moja limekalia kiti cha istilahi nzima, na ndiyo maana wengi huamini kwamba mfumo endeshi ni kitu cha kompyuta za mezani na mpakato tu.

Katika maandishi tunakutana na majina mawili, mfumo wa uendeshaji na mfumo endeshi. Mimi nalipendelea la pili. Neno uendeshaji limezoeleka mno ofisini: uendeshaji wa shirika, gharama za uendeshaji. Anayekutana na "mfumo wa uendeshaji" ndani ya ripoti anaweza kudhani ni utaratibu wa menejimenti. Endeshi limeundwa kama shirikishi, tegemezi na jumuishi, maneno yanayotaja sifa ya kitu kinachotenda chenyewe.

Lakini unaendesha nini? Kitenzi chetu kina sura mbili. Kuna kuendesha gari, dereva mmoja na chombo kimoja; na kuna kuendesha kikao. Hii ya pili ndiyo inayotufaa. Mwenyekiti hatoi hoja zote yeye: humpa mmoja nafasi, humkatiza mwingine, huhakikisha wawili hawasemi kwa pamoja. Ndani ya kompyuta wasemaji ni programu, na kinachogombewa ni prosesa, kumbukumbu, diski, printa na mtandao. Ukisikiliza muziki huku unaandika barua, programu hizo hupokezana prosesa mara nyingi ndani ya sekunde moja, na sikio halitambui mkato wowote.

Tofauti ya kompyuta na kompyuta, basi, iko katika nani apewe nafasi kwanza. Kompyuta ya mezani humjali aliyekaa mbele yake: akibonyeza, ajibiwe. Seva ya benki huwahudumia maelfu, na shughuli ya mmoja haipaswi kugusa ya mwingine. Kompyuta kubwa za utafiti hugawa hesabu moja kwa maelfu ya prosesa; tangu Novemba 2017, mashine zote 500 za TOP500, orodha ya kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani, zinatumia mfumo endeshi wa Linux, ambao kiini chake ndicho kilichomo pia ndani ya simu za Android.

Zipo kompyuta ambazo kwao jibu sahihi lililochelewa ni kosa. Hizo zinahitaji mfumo endeshi unaoheshimu muda, na mfano wake ulio bora kwangu hauko duniani. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na mfumo uitwao VxWorks. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kazi ya kukusanya data za hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika rasilimali inayohitajiwa na kazi ya kusimamia upitishaji wa taarifa, yenye kipaumbele cha juu. Kabla ya kuiachia, ikakatizwa na kazi nyingine za kipaumbele cha kati. Ya juu ikabaki inaisubiri ya chini, ya chini nayo haipewi nafasi. Muda ulipopita, mlinzi wa mfumo akaona jambo muhimu halijafanyika, akaiwasha kompyuta upya.

Hakuna kifaa kilichoharibika pale, wala hesabu iliyokosewa. Kilichopotoka ni zamu. Wahandisi wa JPL, maabara iliyokisimamia chombo hicho, walilizalisha tatizo lilelile kwa mfano wa chombo uliobaki duniani, wakagundua kwamba kanuni ya kurithi kipaumbele ilikuwa imezimwa. Kwa kanuni hiyo, kazi ndogo inayoizuia kubwa hupewa cheo cha ile kubwa kwa muda, imalize haraka na kuachia. Wakaiwasha kwa maelekezo yaliyotumwa kutoka duniani, na kujizima kule kukakoma.

Huna haja ya kwenda Mirihi kuikuta mifumo ya aina hii. Simu janja moja hubeba zaidi ya mfumo endeshi mmoja: kuna unaouona kwenye kioo, na kuna wa sehemu inayowasiliana na mnara, ambao lazima utii muda kwa ukali. Laini nayo, kile kipande cha plastiki kidogo kuliko kucha, ni kompyuta kamili yenye prosesa, kumbukumbu na mfumo endeshi wake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini, kwa hiyo hata simu ya bei ya chini kabisa iliweza kutuma pesa. Mteja alipoitoa laini kwenye simu ya vibonyezo na kuiweka kwenye nyingine, menyu ilihama pamoja nayo.