Hela ilivyotoka Hall hadi Nyumba ya Mungu

Perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu huuzwa kwa hela, na mkopo hutegemea mnafahamiana kiasi gani. Wachache mwaloni wanajua kuwa neno hela ni kipande cha jina refu la Kijerumani.

Yapata mwaka 1200, Hall, mji wa chumvi kusini mwa Ujerumani, ulitengeneza sarafu ndogo ya fedha yenye kiganja upande mmoja na msalaba upande wa pili. Iliitwa Haller Pfennig, yaani pfennig ya Hall. Pfennig ikadondoka vinywani, ikabaki Heller. Thamani nayo ikaporomoka, hata Wajerumani wakidharau kitu husema hakina thamani ya heller nyekundu.

Dola ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1871 haikuitaka. Ilichagua mark na pfennig. Ajabu, mwaka 1904 serikali yake ya kikoloni iliifufua huku kwetu: rupia moja ikawa heller 100, hela vinywani mwetu, badala ya pesa 64 za awali. Baadaye zikaja za heller 5 na 10 zenye tundu katikati, rahisi kutungwa kwenye kamba.

Upareni, kwa wafua chuma mashuhuri wa Ugweno, biashara ilikuwepo zamani bila sarafu ya Mzungu. Kilichoilazimisha sarafu iingie kila boma, kwa maoni yangu, ni kodi kuliko duka. Mlipa kodi alihitaji kibarua, na kibarua kilikuwepo mashambani na kwenye reli ya kutoka Tanga, iliyopita Same na kufika Moshi mwaka 1911.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia za meli, Wajerumani walijitengenezea heller 20 Tabora mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli. Mwaka huohuo mji ukatekwa na Wabelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakaleta shilingi na senti, heller zikafutwa. Hivyo Wapare walipofurika Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru, waliyodaiwa yalikuwa mashilingi, na bwawa la Nyumba ya Mungu, la miaka ya 1960, halikuwahi kuiona heller hata moja. Neno lilikuwa limeshajitenga na sarafu yake, likabeba noti, mshahara, mahari na hata salio la simu.

Ulaya kwenyewe, Wacheki walikuwa na jamaa ya heller, haléř. Sarafu zake ziliacha kutumika mwaka 2008.