Mswaki wa Tana: historia ya mti usiopandwa

Ukitoka Garsen kwenda Minjila, pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Garissa, kiangazi huonyesha kila mti ulivyo. Nyasi zimekauka, udongo mweusi umepasuka nyufa za kuingiza mguu, lakini vichaka vya mswaki bado ni kijani, matawi yameinama hadi chini. Hakuna aliyevipanda wala anayevimwagilia. Vilikuwako kabla ya mji.

Mti wenyewe si mkubwa. Hufika mita 3 hadi 6. Siri yake ni chumvi. Ardhi ya pembezoni mwa bonde la Mto Tana ina chumvi ya kuua mahindi, na mswaki humea humo humo bila taabu. Majani yake ni mazito na yana ladha kali inayokaribia haradali. Ngamia huyapenda, mbuzi pia, na vitunda vyake vidogo vyekundu hugombewa na watoto na ndege.

Wataalamu wa mimea waliufahamu mti huu kwa njia ya mbali. Laurent Garcin aliupa ukoo wake jina la Salvadora mwaka 1749, kwa heshima ya mwuza dawa wa Barcelona aliyeitwa Juan Salvador. Miaka minne baadaye Linnaeus akaongeza persica, yaani wa Uajemi. Hivyo mti unaomea kuanzia Afrika hadi India ukabeba jina la Mhispania na la nchi moja tu. Waarabu huuita arak, Wasomali caday, na kwa Waislamu kupiga mswaki kabla ya sala ni sunna inayotiliwa mkazo katika hadithi.

Ufukoni mwa Tana, desturi hiyo ilipata nguvu mpya Waorma waliposilimu kwa wingi katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Wafugaji hao wa ng'ombe walikuwa wakiishi na mti huo siku zote. Sasa kijiti cha kusafishia meno kikawa pia cha ibada. Kwa Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Wamethodisti walifungua kituo Golbanti mwaka 1885, na mwaka uliofuata mmisionari John Houghton na mkewe Annie wakauawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen nao walijikita Ngao. Dini zikagawana vijiji vya mto, ila kijiti cha asubuhi hakikuwa na dhehebu.

Kinywa si mwisho wa kazi yake. Katika tiba za jadi za Afrika Mashariki, mizizi huchemshwa kwa maumivu ya tumbo, kwa wengu uliovimba, hata kwa kisonono. Hapa lazima mambo yatenganishwe. Kisonono kina dawa yake zahanati, na kukitibu kwa maji ya mizizi ni kukipa nafasi ya kuharibu uzazi.

Kuhusu meno, mti umejitetea vizuri maabara. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, wakiongozwa na Abier Sofrata, walichapisha matokeo kuhusu kemikali ya mzizi wa mswaki iitwayo benzili isothiosayaneti. Ndiyo huupa ule ukali wa haradali, na iliua bakteria kadhaa wanaohusishwa na ugonjwa wa fizi. Nyuzi za kijiti hufanya kazi ya brashi, na ukali hufanya kazi ya dawa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza na kuhimiza matumizi ya vijiti hivi tangu 1986, pale ambapo ni desturi ya watu. Viwanda navyo havikulala: dondoo ya mswaki leo inauzwa ndani ya dawa za meno zenye maboksi ya kupendeza, kwa bei ambayo ingenunua vijiti vya mwezi mzima.

Huku nyumbani kwa mti huo, Tana ilikuwa imejaribiwa kwa miradi mikubwa. Bura ilipata mradi wa umwagiliaji uliogharimu fedha nyingi na kuvuna kidogo. Mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, katika delta yalibomolewa kingo na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Baadaye ikaja mipango ya miwa, kisha ya mbono wa kutoa mafuta ya magari, nayo ikakwama katikati ya kesi na upinzani wa wenyeji. Mwaka 2012 delta ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Katika mipango yote hiyo, mswaki ulihesabiwa kama kichaka cha kufyeka.

Mti uliopewa heshima ya kupandwa ulikuwa mwingine: mathenge. Uliletwa maeneo ya Bura miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukavuka mipaka yake na kuvamia malisho kuteremka na mto. Maganda yake yenye sukari huharibu meno ya mifugo. Wakazi wa Baringo waliposhtaki serikali kwa sababu ya mti huo, mbuzi kibogoyo alipelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Inachekesha na inauma. Mti unaong'oa meno ulipata wafadhili, na unaoyalinda haukupata hata kitalu.

Biashara ya mswaki, kwa upande wake, hupanda kila Ramadhani. Vijiti hufungwa matita, hukaa kwenye maji au gunia bichi, na kuuzwa kwa shilingi chache nje ya misikiti kuanzia Garissa hadi Mombasa na Eastleigh. Haraka ni ya lazima, maana mswaki ukikauka ukali wake hupungua. Wanunuzi wengi hupendelea mzizi kwa sababu ni mkali zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo: kukata tawi ni kupogoa, lakini kuchimba shina lote ni kuua kichaka kilichochukua miaka kukua.

Serikali ya Kaunti ya Tana River na Huduma ya Misitu Kenya zina kazi rahisi hapa: kuorodhesha vichaka vilivyobaki kati ya Garsen na bahari, kuotesha miche, na kuwapa wachimbaji kanuni ya kuchukua mizizi ya pembeni tu na kufukia shimo. Nawe mnunuzi, dai kijiti kibichi cha tawi, unene wa kidole kidogo. Menya ganda kidogo, tafuna ncha mpaka nyuzi zifunguke, na kila siku ikate ncha iliyotumika.