Mpaka Uliofungwa Mara Mbili

Kwetu Namanga mpaka ni kitu cha serikali. Sisi tunavuka kwenda gulio, msibani, hata kunywa chai kwa shemeji. Wamasai wa upande huu na wa upande ule ni ukoo mmoja. Mstari wenyewe uliwekwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi toka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria. Hakuna babu aliyeulizwa.

Umefungwa mara mbili, na kufungwa kwenyewe hakufanani hata kidogo.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inakata roho. Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wazee wetu wanasema malori yalikoma, lakini mtu wa miguu alipenya kwa njia za panya, na akifika ng'ambo alipewa kigoda akae. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa bwana, wao haukuwahusu.

Mara ya pili ilikuwa 2020. Tarehe 16 Mei Kenya ilizuia watu kupita baina yake na Tanzania, mizigo tu ikaruhusiwa, tena dereva apimwe korona kwanza. Tanzania nayo ilikuwa imeacha kutangaza hesabu ya wagonjwa tangu 29 Aprili. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli alikuwa amesema kwamba sampuli za papai na mbuzi zimeonekana zina virusi, kwa hiyo vipimo si vya kuaminika. Basi ikawa vurugu: dereva anaambiwa Kenya kuwa anao, akipimwa tena Arusha anaambiwa hana. Amwamini nani? Malori yakapanga foleni, madereva na matingo wakalala chini ya matela.

Lakini foleni huisha. Mimi kilichoniuma ni kingine. Dereva yule yule tuliyekuwa tukimngoja kwa hamu, maana akila kwa mama ntilie mama naye anapata ada ya shule, sasa akishuka kununua maji watu wanatawanyika. "Huyo anayo!" Njia za panya zilikuwapo bado, ila aliyepenya hakupewa kigoda. Mwaka 1977 serikali zilikosana, majirani wakabaki majirani. Safari hii jirani mwenyewe ndiye aliyeogopwa.

Haya yalitokea mahali ambapo, tarehe 1 Desemba 2018, marais wa nchi zote mbili walizindua kituo cha pamoja, msafiri agongewe mihuri miwili chini ya paa moja. Tulikuwa na paa la pamoja na meza ya pamoja. Kipimo ambacho pande zote mbili zingekiamini hatukuwa nacho.

Mpaka ulikuja kufunguliwa. Maradhi mengine yatakuja, maana hayaombi pasi. Nauliza basi: siku hiyo ikifika, maafisa wetu watakuwa wanasoma jibu moja, au dereva ataugua upande mmoja na kupona akivuka mstari?