Soko la Pamoja na Karatasi ya Kutoka
Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kitu kimoja tu cha darasa la uchumi kilibaki kichwani, zile ngazi: eneo la biashara huria, umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha. Mifano yote ilikuwa ya Ulaya. Mkataba wa Roma, 1957. Umoja wa forodha wa nchi sita, 1968. Nilikariri, nikapita mtihani, basi.

Lakini maneno yenyewe si mageni kwetu. Forodha, ushuru na soko tuliyapata kutoka Kiarabu kupitia biashara ya pwani, na ushuru asili yake ni sehemu ya kumi. Watu walitozwa forodhani huku karne nyingi kabla ya huo mkataba wa Roma.

Hapa Lodwar maneno haya yana historia yake. Mkoloni aliifunga Turkana. Mgeni hakuingia bila kibali. Ndiyo maana ilimfaa kuwaficha watu. Jomo Kenyatta aliletwa Lodwar 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung, akazuiliwa hadi 1961. Juni 1967, mtu huyo huyo alikuwa Kampala na Nyerere na Obote, wakitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977, ikafufuliwa na mkataba wa 1999. Umoja wa forodha ukaanza 2005, Soko la Pamoja 1 Julai 2010. Ahadi ilikuwa bidhaa zitembee, na watu pia watembee.

Sasa panda matatu, kilomita kama 120 hivi, ushuke Kakuma. Kambi ilianza 1992 na vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo utakuta watu wa Sudan Kusini, Burundi, Kongo na Somalia, na nchi zote nne ni wanachama wa Jumuiya: Burundi tangu 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali.

Mama mmoja Mkongo anauza vitenge huko. Nikamuuliza, akitaka kufuata mzigo Kitale inakuwaje?

"Kitenge inapita mipaka yote," akasema. "Miye naomba karatasi."

Nikamweleza kuhusu Sheria ya Wakimbizi ya 2021: mkimbizi wa nchi ya Jumuiya anaweza kuachilia hadhi yake ya ukimbizi kwa hiari, apate haki za Soko la Pamoja kama raia mwingine yeyote wa Jumuiya. Nilitumia maneno yangu yote ya darasani. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa.

"Sasa mwanangu, nikirudisha ile karatasi ya ukimbizi, halafu wale waliotufukuza wanitafute tena, hiyo soko itanificha?"

Ngazi nilizokariri zilikuwa nne. Hakuna hata moja iliyomjibu. Nikanunua kitenge, nikarudi Lodwar, na njiani hakuna aliyeniuliza kibali.